Jioni za Boay

Mama Boay alikuja karakana Jumatatu asubuhi, siku ya nne baada ya mazishi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya vitunguu saumu. Hakutaka kiti. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa saa ya mwanawe, akaiweka mezani pangu katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Imeandika tisa."

Niliigusa. Kweli, asilimia tisa. Mkanda wake ulikuwa bado na udongo mwekundu wa pale alipoanguka, na hakuna aliyethubutu kuufuta.

"Wale wa Baraza la Wakimbiaji wanakuja Ijumaa," alisema. "Wanasema wao wana muhtasari tu. Habari yenyewe, ya kila pigo la moyo na kila hatua, imo humu ndani, na ikizima inakwenda na vyote. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Basi usiiache izime. Nataka waisome mbele ya watu. Nataka waone Amsi alivyomkimbiza mwanangu siku mia moja sitini na tatu, asubuhi na jioni, bila kupumzika. Hata punda wa kinu hupewa Jumapili, Emiliana."

Amsi ndiye kocha wa kambi yetu. Sisi sote humwita Mwalimu. Nilitaka kusema neno, lakini maneno yangu huchelewa, na yakichelewa sana hayaji kabisa.

"Wanasema inakula joto la mkono," Mama Boay aliendelea. "Mimi nina joto. Niivae mimi?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameshaifunga kwenye kifundo chake. Saa ilitetemeka, ikasema kwa ile sauti ya upole inayowaambia wageni wote: "Mwenyewe hayupo."

Mama Boay aliitazama kwa muda.

"Najua," aliijibu.

Akaivua, akaniachia, akatoka. Harufu ya vitunguu saumu ya mikono yake ilibaki mezani hadi mchana.

*

Saa za wakimbiaji wa siku hizi hazina tundu la chaji. Hula joto la mwili na mrusho wa mkono. Ukikimbia kilomita tano, umeilisha siku nzima. Ukiiweka kabatini, inaanza kufa. Na haili mkono wa mtu yeyote ila wa mwenyewe. Inamjua kwa mishipa yake, kwa urefu wa hatua zake, kwa namna moyo wake unavyopanda na kushuka. Walizitengeneza hivyo ili zisiibwe, na ili mtu asimkimbilie mwenzake, yaani asikimbie kwa niaba yake.

Sisi tulikuwa tunakimbiliana.

Kwetu Mbulu mtu akiugua wakati wa palizi, majirani humpalilia shamba lake, na hakuna anayeandika jina la aliyeshika jembe. Wakimbiaji wa kambi waliichukua desturi hiyo wakaipeleka barabarani. Baraza linataka kilomita ishirini na nne kila siku, nusu asubuhi na nusu jioni, siku mia moja na themanini bila kukatika. Ukikosa moja, unaanza upya na nafasi ya mashindano inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mwenzako akilemewa, unavaa saa yake, unamkimbilia. Mjini wangeuita udanganyifu. Sisi tuliuona kuwa ujirani.

Na mlango wa ujirani huo niliufungua mimi. Nilisomea elektroniki chuoni miaka mitatu. Nilijua kwamba fundi akibadilisha kioo, saa hupewa siku saba za kumjifunza mwenyewe upya. Katika siku hizo saba, asubuhi ikivaliwa na mmoja na jioni ikivaliwa na mwingine, haiwezi kuwatenganisha. Inawajifunza wote wawili kama mtu mmoja. Nilifungua saa saba za kambi yetu kwa njia hiyo. Mwaka jana, kwenye semina ya mafundi, niliwaonyesha pia wenzangu wa kambi nyingine tano. Walinipigia makofi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupigiwa makofi na nilikwenda kujificha jikoni.

Ya Boay ilikuwa ya mwisho kuifungua.

Alikuja jioni moja, akaegemea mlango, mrefu, amejifunika blanketi begani kama wazee.

"Fundi Emi. Wewe hukimbia jioni, sivyo? Nimekuona kule kwenye mikaratusi."

"Nakimbia kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

"Nane."

"Basi ongeza nne uwe mimi." Alicheka, lakini alikaa chini haraka kuliko alivyokusudia. "Wiki moja tu. Mwili umekuwa mzito, kama nimevaa makoti mawili. Asubuhi najikokota na wenzangu. Jioni siwezi."

"Nenda hospitali."

"Nikienda wataniandikia likizo. Siku zangu zitakatika, na mama ameshawaambia jirani wote kwamba mwezi wa tisa atapanda ndege kwenda mashindanoni. Ameshaazima hadi sanduku." Aliivua saa, akaniwekea kiganjani. "Ila jitahidi, tafadhali. Ukinikimbilia kwa mwendo wa kobe wataniandikisha kwenye mbio za wastaafu."

"Nikikimbia kwa mwendo wako nitazikwa."

"Usife," alisema. "Nani atanitengenezea saa?"

Wiki ikawa wiki karibu sita. Sikuwahi kumwambia Boay neno ambalo wasichana wengine huweza kulisema hata kwa mzaha. Nilimkimbilia. Kila jioni nilipita kwenye mikaratusi na saa yake mkononi, ikiniita kwa jina lake, na sikumbuki wakati mwingine wowote maishani nilipokuwa na furaha kiasi kile.

Sasa ilikuwa mezani, asilimia tisa. Nilipiga hesabu. Bila mtu kuwasha kioo chake, ingefika Alhamisi, halafu ingezima. Ijumaa ingekuwa kipande cha chuma. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Nilitakiwa kukaa kimya tu, na kimya ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote.

*

Mwalimu Amsi alikuja Jumanne. Ni mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hatujawahi kumwona bila hiyo. Alijikaribisha mwenyewe kwenye benchi.

"Leo dukani wameniuzia chumvi bila kunisalimu," alisema. "Chumvi, Emi. Hata mchawi husalimiwa kwanza."

"Pole, Mwalimu."

"Nimeshapoa." Aliiangalia saa, hakuigusa. "Imebaki ngapi?"

"Saba."

"Basi haifiki Ijumaa."

"Haifiki."

Nje, ndege ya dawa isiyo na rubani ilipita chinichini kuelekea zahanati, na kuku wakakimbilia chini ya ghala kama kila siku.

"Kocha anajua miguu," alisema hatimaye. "Boay anatua kwa mbele ya wayo. Jioni ya tatu nikaona kwenye muhtasari mtu anayetua kwa kisigino, hatua fupi, anapunguza kila akifika kwenye daraja. Nikajiuliza ni nani huyu anayeogopa daraja."

Huwa napunguza kwenye daraja. Mbao zake zina nafasi, na mto unaonekana chini.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua. Na mimi nilikimbiliwa nilipokuwa kijana. Malaria ilinilaza siku kumi na saa yangu ikakimbia zote. Ningesema nini?" Alivuta kofia yake chini. "Nilijua hivyo tu. Sikujua kwamba kukimbiliana kunaharibu ile kengele ya saa inayolinda moyo. Daktari anasema moyo wa mtoto ulikuwa umevimba kwa miezi. Saa ilipaswa kupiga kelele. Wewe, fundi, ulijua kwamba haitapiga?"

"Sikujua, Mwalimu." Halafu, kwa kuwa ilikuwa kweli zaidi, nikaongeza: "Nilipaswa kujua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua.

"Iache izime," alisema. "Sikiliza, binti yangu. Wakijua ulimkimbilia, watafuta siku zake zote, hata zile mia na ishirini alizokimbia mwenyewe. Watamwandika mwongo. Mama yake hana kingine zaidi ya zile siku. Mimi wakinifungia, nitalima. Nina miaka sitini na moja. Jina langu limeshatumika vya kutosha."

"Lakini hukumuua wewe."

"Wala wewe hukumuua." Alisimama. "Iache izime, Emi. Iwe kama mvua imenyesha juu ya nyayo."

Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ulikuwa unakimbia vizuri," alisema. "Ukiacha pale darajani."

*

Jumatano niliamka nimeamua kumtii. Nilifunga saa ndani ya kitambaa, nikaiweka kwenye droo, nikaenda kuchota maji.

Barabarani nilikutana na Natalia, msichana wa miaka kumi na tisa wa kambi yetu, akitoka mazoezini. Mvuke ulikuwa unamtoka mabegani. Aliinua mikono yote miwili kunisalimu, na kila mkono ulikuwa na saa.

"Ya kushoto ni ya nani?" nilimuuliza.

"Ya Paskali. Si unaijua, uliifungua mwenyewe." Alicheka. "Mvivu yule. Siku ya tano leo. Anasema mwili mzito, chakula hakimpendezi. Nimemwambia anasingizia, anataka tu nimkimbilie ili nimpende."

"Yuko wapi?"

"Amelala bwenini. Mbona hivyo, Fundi? Umekuwa kama umeona nyoka."

Nilimwambia amwambie Paskali asikimbie kabisa hadi nimwone. Alinijibu, "Sawa, daktari," kwa dhihaka, akaendelea na njia yake. Ni sauti yangu. Haijawahi kumzuia mtu.

Nilirudi na ndoo tupu. Nilifungua droo. Asilimia nne. Saa saba za kambi yetu ningeweza kuzifuta mwenyewe na watu wangeninung'unikia. Lakini kulikuwa na kambi nyingine tano, na mafundi walioniamini, na mimi sikujua hata idadi ya saa walizofungua. Ningewapigia simu niwaambie nini? Kwamba nahisi? Baraza peke yake ndilo lingeweza kuamuru saa zote zianze upya kwa siku moja, na Baraza halisikilizi hisia za fundi wa Mbulu. Lingesikiliza mapigo ya moyo ya asubuhi ya mwisho ya Boay, na hayo yalikuwa hapa tu.

Nilivaa viatu. Nikaifunga saa mkononi.

Ilitetemeka kidogo, ikafikiri.

"Karibu, Boay," ilisema. "Siku nane hujakimbia. Tuanze polepole."

Nilikimbia. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia na kukimbia kwa wakati mmoja bila kusimama, lakini inawezekana. Pumzi hujipanga zenyewe. Nilipita mikaratusi, nikapita ghala la vitunguu, nikafika darajani na nikapunguza. Saa ilihesabu yote kwa jina lake. Kila kilomita asilimia ilipanda, sita, saba, kumi, ikinywa joto langu kama ndama, na haikuona tofauti.

Kwenye kilima ambapo Boay alianguka niliketi kwenye majani. Saa ikiwa hai mkononi mwa mtu inayemdhania kuwa mwenyewe, humfungulia kila kitu. Nilifungua asubuhi ile.

Moyo wa Boay akiwa amepumzika ulikuwa ukipiga mara arobaini na nne kwa dakika. Wangu hupiga sitini na nane. Yeye akikimbia taratibu alikuwa mia na ishirini. Mimi, kwa mwendo huohuo, mia na sitini na tano. Saa ilikuwa imetujifunza wote wawili na kuamua kwamba huyu ni mtu mmoja ambaye moyo wake unaweza kuwa popote katikati ya hapo. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na dakika arobaini, akipanda kilima hiki na wenzake kwa mwendo wa mazungumzo, moyo wake ulifika mia na sitini na tisa. Kwake yeye huo ulikuwa moyo unaokufa, na saa yoyote iliyomjua yeye peke yake ingelia hadi bondeni. Hii iliandika: *Mapigo ya kawaida.*

Ilidhani ni mimi.

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Baadaye nilishuka, na Alhamisi nikakimbia tena, asubuhi na jioni, ili isife.

*

Ukumbi wa kijiji ulijaa Ijumaa. Mjumbe wa Baraza, Bwana Mkwizu, alikuwa mtu mpole mwenye koti jembamba lisilofaa baridi yetu. Alikuwa akipuliza vidole kila alipomaliza ukurasa. Alisoma muhtasari. Siku mia moja sitini na tatu. Watu walimtazama Mwalimu Amsi, aliyekaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Mama Boay alikaa mbele, sanduku la kuazima likiwa mapajani pake. Alikuwa amelijaza nguo za mwanawe na viatu vyake vyote, aonyeshe soli zilivyolika.

"Fundi," aliita Bwana Mkwizu. "Saa iko hai?"

Nilisimama. "Iko hai."

"Asilimia ngapi?"

"Thelathini na nane."

Mama Boay aligeuka. "Jumatatu ilikuwa tisa," alisema, akiwaambia watu, kwa fahari. "Nilijua atanisaidia."

"Imepandaje?" Bwana Mkwizu aliacha kupuliza vidole. "Saa hizi hazikubali mkono mwingine."

Nilikuwa nimeandaa sentensi nne. Nilizikariri usiku na zote zilipotea. Kwa hiyo nilipandisha mkono wa sweta langu, na saa, ilipoona mwanga, ikafanya ilichozoea kufanya.

"Habari za asubuhi, Boay. Mapigo yako ni ya kawaida."

Nilisikia sanduku likianguka.

Ndipo nikasema. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma, nikichanganya siku, lakini nilisema yote: kioo, siku saba, jioni arobaini na moja, saa saba za hapa na za kambi tano. Nilisema kwamba Mwalimu hakumkimbiza. Nilisema mia na sitini na tisa. Wakati wote sikuweza kumtazama mtu mmoja tu katika ukumbi ule, na kila mtu alijua ni nani.

Mwalimu Amsi alisimama bila kuulizwa. "Mimi nilijua kwamba anakimbiliwa," alisema. "Andika na hilo."

Kunakili habari kutoka kwenye saa kulichukua dakika kumi na moja. Ilibidi iwe mkononi mwangu, kwa hiyo nilikaa mezani kwa Bwana Mkwizu na mkono umenyooshwa kama mtu anayetolewa damu, huku ukumbi mzima ukingoja. Kulipomalizika aliitia saa kwenye bahasha, akaandika tarehe.

Kabla ya saa sita mchana amri ilikuwa imefika kambi zote: hakuna kukimbia hadi kila saa ianze upya. Paskali alipelekwa hospitali kwa gari la Bwana Mkwizu mwenyewe, Natalia amemshikilia, hasemi tena mzaha. Mwalimu alifungiwa mwaka mmoja. Mimi sitagusa saa ya mkimbiaji tena maisha yangu yote, nilitia saini. Na jina la Boay Akonaay lilifutwa kwenye orodha, siku zote mia moja sitini na tatu, kama alivyosema Mwalimu.

Watu walitoka. Mama Boay alikuwa uani, amechuchumaa, akirudisha viatu sandukuni kimoja kimoja, akilinganisha jozi. Nilichuchumaa mbali kidogo. Sikuthubutu kumsaidia.

Alipofika kiatu cha mwisho alisema bila kuniangalia, "Jioni ngapi?"

"Arobaini na moja, Mama."

"Na wewe ukiwa barabarani, yeye alikuwa wapi? Nyumbani hakuwa. Aliniambia anakimbia."

"Karakana. Kwenye magunia, nyuma ya mlango."

"Akifanya nini?"

"Akilala."

Alikishika kile kiatu kwa mikono miwili.

"Alikuwa anakoroma?"

"Ndiyo, Mama. Sana."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayehesabu zile jioni moja baada ya nyingine. Halafu alifunga sanduku, akajitwika kichwani, akapanda njia ya kwao. Nilisimama pale nikingoja aniite nimpokee mzigo, kama alivyozoea kuniita. Alifika kwenye kona, akabadilisha mkono, akaendelea.